Simu ya Stoo Niliyoifunga Jumatatu

Jumamosi, alasiri. Juba.

Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha tope jekundu mpaka mlangoni. Sasa jua limewaka tena na ua mzima unatoa mvuke. Majirani zangu wa hapa Hai Malakal wamekwenda harusini Gurei tangu asubuhi, wote, hata yule bibi asiyetokaga. Nimebaki mimi na kuku wao. Nimefua mashati, nimeanika, nimekaa.

Sijaandika hapa kwa miezi kadhaa. Wanaosoma ukurasa huu ni wachache, pengine hakuna mtu kabisa, na leo hilo linanifaa. Kuna jambo ambalo sijamweleza mtu yeyote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Wiki hii nilisema uongo mdogo, na mama wa mtu amelazwa.

Nieleze kwanza kazi yangu. Nina miaka arobaini na sita, kwetu ni Kitale, na huu ni mwaka wa tatu niko Juba katika kampuni inayochimba visima na kufunga pampu. Ofisi yetu iko kando ya barabara ya kwenda soko la Custom. Mimi ndiye natunza kompyuta, printa na mtambo wa simu. Mtambo ni kisanduku cheusi kilichopigiliwa ukutani nyuma ya mapokezi, na nyaya zake zinakwenda kwenye simu kumi na nane za mezani. Nikiwa kwenye kompyuta yangu naweza kuamua simu ipi ipige wapi: ndani ya ofisi tu, ndani ya nchi, au nje ya mipaka. Nabofya mara moja, basi. Mwenye simu hajui kitu mpaka ajaribu kupiga.

Ijumaa ya wiki iliyopita mkurugenzi wetu, Madam Achan, aliniita. Mbele yake kulikuwa na bili ya simu, na hakuwa na furaha. Mradi wa kaskazini umesimama, fedha zimekuwa haba, na simu za nje ndizo zinazotumaliza. Akaniambia kuanzia Jumatatu nizifunge simu zote zisipige nje ya nchi, isipokuwa yake, ya mhasibu, ya mapokezi na yangu ya kupimia mtambo. Waraka wa kuwaeleza wafanyakazi angeutoa mwenyewe mwisho wa wiki.

"Na usianze kumweleza mmoja mmoja," akasema. "Watakuja wote na sababu zao, tutashindwa."

Nikasema sawa, Madam.

Kabla ya kufunga, nilifungua ripoti ya simu zilizopigwa. Ndiyo kawaida yangu. Simu ya stoo ilikuwa inapiga namba moja ya Uganda kila siku ya kazi, saa saba mchana na dakika chache, na inakaa hewani dakika ishirini hivi. Namba ileile. Kila siku. Ripoti inarudi nyuma miezi mingi na namba ile ipo mwanzo hadi mwisho.

Niliona. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye. Niliona, na nikajua ni Keji.

Keji ni karani wa stoo. Ni mwanamke wa hapa, lakini amekulia Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Adjumani, na Kiswahili chake ni cha kule. Katika ofisi nzima ndiye peke yake anayekuja mezani kwangu bila printa kukwama. Mwaka jana aligundua kwamba mimi hula chakula cha mchana peke yangu katika chumba cha mtambo. Hakuuliza kitu. Kesho yake alikuja na bakuli la kisra, ile mikate yao myembamba ya mtama, na mchuzi wa bamia, akaweka mezani akaondoka. Tangu hapo, mara mbili au tatu kwa wiki, bakuli linakuja.

Basi nilipoiona ile namba nilifikiri ni ya mwanamume. Nilifikiri ana mtu huko anayemsubiri kila mchana. Nikahisi kitu kama wivu, na wivu wenyewe haukuwa wa mapenzi. Niliona gere tu kwamba kuna mtu duniani mwenye maneno ya dakika ishirini, kila siku, na mtu wa kuyasikiliza.

Nikabofya.

Jumatatu, saa saba na ushei, Keji alikuja mezani kwangu.

"Braza, simu yangu nakufa. Napiga Uganda, nalia tii-tii-tii, basi."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema kweli. Nilikuwa na maneno yote mdomoni: imefungwa, ni amri, tafuta njia nyingine. Lakini Madam alikuwa amenikataza, na zaidi ya hapo, kama nitakuwa mkweli, sikutaka uso ule ubadilike mbele yangu. Nani mwingine ningebaki naye?

"Ni mtandao tu," nikamwambia. "Itarudi."

"Itarudi leo?"

"Leo au kesho."

"Sawa. Mimi iko nangoja."

Jumanne alipita mlangoni akaniangalia, akainua nyusi. Nikainua mikono, kama mtu asiyejua. Jumatano akaja tena.

"Bado?"

"Bado."

Siku hiyo alikuwa ameniletea bakuli.

Nilikula.

Alhamisi mchana dada wa mapokezi alitoka kwenda kula, nikamshikia kiti. Simu ikaita kutoka nje. Nilipopokea nikasikia sauti ya mwanamke aliyekuwa akipiga kelele, kama wapigavyo watu wanaodhani umbali unazidiwa kwa sauti.

"Hallo! Hiyo ni ofisi ya Keji? Mimi ni Asunta, jirani ya mama yake! Mwambie mama naanguka! Tunapeleka yeye hospitali!"

Nikaiunganisha simu na stoo. Kwenye meza ya mapokezi kuna taa ndogo kwa kila simu, na ya stoo ikawaka nyekundu. Nilikaa nikiitazama. Mtu mwenye kazi yangu anaweza kusikiliza akitaka. Sikusikiliza. Niliitazama tu ile taa mpaka ilipozimika, nikangoja Keji atoke, na hakutoka.

Nikaenda stoo.

Alikuwa amekaa juu ya mabomba, mikono katikati ya magoti. Hakulia. Alianza kunieleza kabla sijauliza, huku akiangalia sakafu, na nilivyoelewa ni hivi. Mama yake ana presha, na tangu mwaka juzi akili imeanza kupotea. Anaamini kila anayempa dawa anataka kumwekea sumu. Amewafukuza ndugu, amemfukuza hata padri. Mtu mmoja tu ndiye anayemwamini, naye ni Keji, na Keji yuko Juba kwa sababu mshahara uko Juba. Kwa hiyo kila siku saa saba Asunta anashika kidonge mkono mmoja na simu mkono wa pili, anamwekea mama simu sikioni, na Keji anaanza kumbembeleza. Anamkumbusha shamba lao la zamani, anamtajia mbuzi kwa majina yao. Wakati mwingine mama anameza baada ya dakika tano. Wakati mwingine ni nusu saa. Simu yake mwenyewe Keji huitumia Jumamosi na Jumapili tu, kila siku hawezi, kupiga nje ni ghali mno. Mkurugenzi aliyetangulia alimruhusu kwa mdomo atumie simu ya stoo, na Madam Achan alipokuja hakuna aliyemwambia.

Tangu Jumatatu mama hakumeza kitu. Asunta alisaga kidonge akakichanganya na uji, mama akautema. Jumatano jioni akaanguka karibu na jiko. Usiku kucha walidhani ni mguu. Asubuhi wakaona mdomo umepinda.

Nilikuwa nimesimama mlangoni muda huo wote. Nikamwambia.

"Keji, simu haikuharibika. Niliifunga mimi."

Akainua kichwa polepole.

"Wewe? Na mkono yako?"

"Madam alisema..."

"Mimi sijauliza Madam. Jumatatu nilikuja kwako. Wewe ulisema ni mtandao."

"Ndiyo."

"Kama ulisema imefungwa, mimi nanunua kredit siku hiyo hiyo. Naomba hata kwa watu ya Custom. Lakini nilingoja, braza. Siku tatu nilingoja, sababu wewe ulisema itarudi."

 

Akasimama, akachukua mkoba wake, akafunga dirisha la stoo kama afanyavyo kila jioni. Alipofika mlangoni nikasogea apite.

"Khalas," akasema. Imekwisha. Sijui kama alimaanisha mazungumzo au mimi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Madam Achan. Nilitarajia ugomvi, na ningeufurahia, ningepata mtu wa kulaumu pamoja nami. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Namba ni moja tu?"

"Moja."

"Mtambo hauwezi kuruhusu namba moja na kufunga nyingine?"

"Unaweza."

"Inachukua muda gani?"

"Dakika tano, Madam."

Akairudisha miwani. Nje lori la mabomba lilikuwa linarudi nyuma, mtu analiongoza kwa kupiga bodi.

"Nilikuambia usiwaeleze," akasema mwishowe. "Hilo ni langu, na nitamwambia Keji mwenyewe. Lakini uongo sikukutuma. Na wewe uliiona hiyo namba, hukuja kuniuliza."

Alimpa Keji ruhusa ya wiki nzima papo hapo, akaagiza mzee Wani, dereva wetu mkuu, ampeleke asubuhi kwenye basi la Nimule, mpakani na Uganda. Mimi nilirudi kwenye kompyuta nikaifungua ile namba kwa simu ya stoo. Dakika tano, kama nilivyosema. Stoo yenyewe ilikuwa na kufuli mlangoni.

Sijui kama mama yake angeanguka hata hivyo. Presha ni presha. Huenda ingetokea mchana ule ule, simu ikiwa sikioni. Nimejiambia hivyo mara nyingi tangu Alhamisi. Maneno yenyewe ni mazuri, na bado ile sauti ya "mimi iko nangoja" inapita katikati yake bila kugusa.

Jana, Ijumaa, nilimwomba Madam asitoe ule waraka. Nikamwambia nataka kuzunguka mwenyewe, mlango kwa mlango, niwaambie kwa mdomo wangu kwamba simu zimefungwa, na niulize nani ana namba ya nje anayoihitaji kweli. Akasema nenda.

Nimefanya kazi na watu hawa miaka mitatu. Nilikuwa nawajua kwa namba za simu zao za mezani. Kumi na moja ni mhandisi, kumi na sita ni jikoni.

Mhandisi alitaka wauza vipuri wa Kampala tu. Dada Viola, anayefanya usafi na kupika chai, ana kijana shule ya bweni Arua, na mara moja kwa mwezi angependa kuongea na mwalimu wake. Akanisomea namba kutoka kwenye kipande cha karatasi alichokikunja ndani ya leso, polepole, mara mbili, nisikosee. Mlinzi wa mchana, ambaye kwa miaka mitatu tumesalimiana kwa kuinua mkono, alinipa namba ya kaka yake Khartoum.

"Siku hizi simu nalia tu, hakuna mtu nashika," akaniambia. "Lakini wewe iandike."

Nikaiandika.

Mzee Wani nilimkuta chini ya gari, miguu imetoka nje. Alikuwa amesharudi kumsindikiza Keji. Nikachuchumaa nikamuuliza kama ana mtu wa nje anayehitaji kumpigia. Akasema hapana, watu wake wote wako hapa hapa Juba, walio hai na waliozikwa. Nikaandika hakuna. Nilikuwa naondoka akaniita.

"Na wewe, ustaz? Namba yako ni gani?"

"Mimi sihitaji kuandikwa, mzee. Simu yangu iko wazi kila mahali."

"Wazi kwa nani?"

Hakukusudia ubaya. Alikuwa anafunga nati, hata uso wake sikuuona. Nikacheka kidogo, nikasema nitamjibu siku nyingine, nikaenda chumba cha mtambo nikafunga mlango.

Nina binti. Anaitwa Neema, ana miaka kumi na tisa. Mama yake na mimi tuliachana akiwa na miaka saba, na mama yake akaolewa na mwalimu mmoja, mtu mpole, sina la kusema juu yake. Mimi nikaanza kuhama na kazi: Lodwar, Lokichoggio, kisha huku. Karo nililipa, na nilidhani karo inaongea kwa niaba yangu. Mara ya mwisho kumsikia sauti ilikuwa siku tulipomzika mama yangu, alipokuja kunipa pole kwa mkono, kama wageni wengine. Kila mwaka nikasema Krismasi nitampigia. Kila Krismasi nikaona itakuwa ajabu kupiga baada ya kimya kirefu vile, na kimya kikaongezeka mwaka mwingine.

Namba yake sikuwa nayo. Mtu mwenye ruhusa ya kupiga dunia nzima hakuwa na namba ya binti yake.

Leo asubuhi, kabla sijafua, ujumbe wa Keji uliingia. Haukuwa na salamu.

"Mama iko hai. Mdomo bado napinda. Dawa yeye nameza nikishika mkono yake. Jumatano narudi."

Niliandika majibu manne. La kwanza lilikuwa refu, lilijaa samahani, na nilipolisoma nikaona linamwomba yeye anifariji mimi. Nikafuta. Mwishowe nikatuma: "Asante kunijulisha. Ile namba iko wazi." Ameusoma. Hajajibu. Hana deni la kunijibu, na Jumatano akipita mlangoni bila kuniangalia nitaelewa. Nitamsalimia mimi kwanza, na kesho yake tena, hata asipoitika.

Baada ya hapo nikamwandikia dada yangu Kitale nikamwomba namba ya Neema. Akaituma hivi hivi, tarakimu tupu. Dakika kadhaa zikapita, ukaja ujumbe wa pili: "Usimpigie kama utapotea tena."

Nilikaa na ujumbe huo muda mrefu. Nikatembea uani. Nikawapa kuku maji. Saa nane nikapiga.

Iliita mara tano. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na vyombo.

"Hallo? Nani?"

Sauti ya mtu mzima. Sikuijua, na hilo ndilo lililonipiga kwanza, kwamba ningepishana na sauti hii sokoni nisigeuke.

"Ni baba," nikasema.



"Baba yupi?"

Aliuliza kawaida tu. Hakuwa na hasira, wala hakutaka kuniumiza. Ana baba wawili na alitaka kujua ni yupi, kama unavyouliza basi lipi au duka lipi.

"Wa Juba," nikamwambia. Ndilo jina nililolipata.

"Aaa." Vyombo vikagongana. "Kuna nini? Kuna mtu amekufa?"

"Hapana. Hakuna aliyekufa. Nimepiga tu."

Nilimsikia akivuta pumzi. Mtu alimwita kwa nyuma, akaitikia, akarudi.

"Niko kazini, hotelini. Natoka saa kumi na mbili. Piga saa hiyo kama unataka."

"Nitapiga."

"Sawa," akasema, na akangoja kidogo kabla ya kukata. Kidogo sana. Lakini alingoja.

Saa kumi na mbili ya Kenya ni saa kumi na moja ya hapa. Sasa hivi ni kumi na nusu. Simu iko kwenye chaji. Nimeandika haya yote ili mikono iwe na kazi, na pia nilitaka kuona, ikiwa imeandikwa, ni nani huyu atakayempigia yule msichana. Sijui nitaanza na neno gani. Akiniuliza kwa nini sikupiga miaka yote ile, sitasema kazi wala umbali. Nitamwambia niliogopa, na nilizoea kuogopa. Akikata, atakuwa amekata akijua ukweli.

Imebaki nusu saa.